Macho Niliyoyafumba

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa bure dukani ninakofanya kazi. Kampuni ya mbegu huyagawa kila mwaka, na chini ya kila ukurasa imechapa ushauri kwa mkulima. Ushauri wa leo: Andaa shamba kabla ya mvua. Mimi sina shamba. Nina vyumba viwili, shangazi mmoja anayekuja Jumamosi, na baba tuliyemzika tarehe kumi na nane Januari. Naandika kwa sababu jioni mikono yangu haina kazi, na nikiiacha hivi hivi inaanza kusema peke yake.

Jumanne, 4 Machi

Jua kali. Wateja watatu, wawili kati yao walikuja kuuliza tu.

Alhamisi, 6 Machi

Watu hudhani nyumba ya kiziwi ni kimya. Baba hakusikia tangu utotoni, na hakujua viti vinapiga kelele vikiburutwa. Aliangusha sufuria asubuhi, akapiga randa mbao zake kabla majirani hawajaamka, akabamiza milango yote bila hasira yoyote. Mtaani walimwita Bubu, jina lililonikera tangu nina akili, maana baba alikuwa msemaji kuliko redio ya jirani, ila alisema kwa mikono. Alitia chumvi, alisengenya, alitania wafiwa. Kidole chake cha shahada cha kulia kiliwahi kupitiwa na msumeno kikapona kimepinda, kwa hiyo maneno yake yote yalikuwa na kikombo kidogo mwishoni. Kila mtu ana lafudhi yake ya mikono. Ya baba ilikuwa hiyo.

Sakafu ya mbele ni ya mbao, aliitandika mwenyewe ili ukikanyaga kwa nguvu mlangoni yeye ahisi miguuni akiwa chumba cha ndani. Mara mbili maana yake ni mimi. Leo nimerudi kazini nikakanyaga mara mbili, kisha nikasimama pale mlangoni kama mjinga.

Ni sasa ndipo nyumba imekuwa kimya.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Ni Jumapili ya nane.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Imepiga saa moja tu, lakini mtu yeyote mwenye jembe ameona ni lazima anunue mbegu leo leo. Mwenye duka alifurahi hadi akasahau kutugombeza. Nimepima mahindi, maharage na alizeti mpaka mabega yakafa ganzi. Kuna wakati nilikuwa na kopo la mbegu mkono mmoja na mkono mwingine ukamwambia mteja subiri, kwa ishara. Mteja akaelewa vizuri tu. Mimi ndiye niliyebaki nimekauka, maana ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari mkono huo kumwambia mtu neno.

Jumamosi, 15 Machi

Shangazi amekuja. Ni dada yake baba, mdomo wake hauna breki, na kwa miaka yote hakujifunza hata ishara tano za kuzungumza na kaka yake. Alikuwa akimpigia kelele tu, naye baba akimjibu kwa kumkaribisha kiti. Leo amefagia, amelalamikia vumbi, kisha akasema amekutana na yule rafiki wa marehemu, kiziwi mwenzake, fundi viatu.

Amenionyesha alivyofanya fundi: aliweka kidole kwenye meno ya mbele, akafungua viganja kama mtu anayeuliza. Shangazi anadhani fundi anaumwa jino. Kidole kwenye meno ni jina langu. Nina pengo, na baba alinipa jina hilo siku meno yangu yalipoota. Fundi viatu alikuwa anauliza mimi niko wapi.

Tena, anasema shangazi, viatu vya baba yako viko kwake, tayari tangu Januari. Nikamwambia nitavifuata. Sitavifuata. Nimeanza kupita njia ya nyuma ya kiwanda cha mikate ili nisipite mbele ya kibanda chake. Ni mwendo mrefu zaidi, na mvua ikinyesha ni tope hadi kifundo cha mguu.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda. Mvua ilikuwa kisingizio kizuri.

Alhamisi, 20 Machi

Mchungaji amekuja dukani. Hajui kusema uongo, masikini: alinunua mbegu za mchicha, na nyumba ya mchungaji imezungukwa na saruji pande zote. Alisimama pale akizungusha pakiti mkononi mpaka wateja wakaisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa mahubiri. Nilishatayarisha na majibu yangu, makali. Badala yake aliniambia jambo moja tu.

"Fundi viatu anakuja kila Jumapili. Anakaa benchi lile lile la mbele, anakitazama kistuli chako mpaka ibada iishe. Sina la kumwambia, binti yangu. Nampungia mkono tu."

Akalipia mchicha akaondoka.

Kile kistuli baba alikitengeneza nikiwa na miaka minane. Alitaka nisimame pembeni ya mimbari nimtafsirie mahubiri, na nilikuwa mfupi, vichwa vya watu vilinifunika. Akapiga stuli yenye miguu minne mirefu, akaipima mara kadhaa mpaka mikono yangu ikafika pale macho yake yanapotua akiwa amekaa. Kisha kila mwaka nilipoongezeka kimo alikwenda nayo nyumbani akaipunguza miguu, kidole kimoja, vidole viwili, ili mikono yangu ibaki pale pale. Leo kistuli hicho ni kifupi kuliko tofali. Mimi nimekua juu yake.

Nilikuwa mkalimani mbaya utotoni. Nikishikwa na njaa nilifupisha mahubiri. Baba alikuwa akinyoosha kidole chake kilichopinda kuelekea mdomo wa mchungaji, ambao bado unatembea, akaniuliza: na hayo je, anatafuna? Maneno mengine tulilazimika kuyatengeneza wenyewe. Aliniuliza neema ni nini, nami nina miaka tisa, nikajibu ni kitu kizuri. Hakuridhika. Tuliuliza, tukaelezwa, tukabishana wiki nzima, mwishoni akaamua: unalaza kichwa na kufumba macho kama aliyesinzia, unaacha kiganja wazi, halafu mkono mwingine unaweka kitu juu ya kile kiganja. Kupewa ukiwa huna habari. Viziwi wote wanaopita kanisani kwetu huitumia ishara hiyo, na hawajui ilizaliwa kwenye benchi la useremala.

Miaka ishirini na sita nimesimama pale. Nimepitisha sala zote za watu wote kwa mikono hii, na sikuwahi kufumba macho kwenye sala hata moja. Mkalimani akifumba macho hajui kama anaeleweka.

Jumapili, 23 Machi

Nimekwenda. Si kwa ajili ya Mungu, hilo nimwambie wazi. Nimekwenda kwa sababu ya picha ile ya mtu mzima akitazama stuli.

Fundi viatu aliponiona alinyanyuka nusu, akakaa tena. Nilitafsiri vibaya, vidole vizito, nikakosa neno "jangwa" nikalazimika kuchora. Alikuwa akiitikia kwa kichwa taratibu kila baada ya sentensi, kama baba alivyofanya, kunionyesha amepata. Mchungaji aliposema tufumbe macho tuombe, nusura nishuke. Nikamaliza. Baraka ilipotolewa nilipita mlango wa pembeni kabla mikono yake haijaanza. Niliona anainyanyua. Nikageuza uso.

Kwa kiziwi hakuna kuziba mdomo wala kukata simu. Ukimgeuzia uso umemfungia mlango. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote katika kanisa lile, na nililifanya.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Magunia ya mbolea yameloa. Mwenye duka amerudi kutugombeza.

Jumapili, 30 Machi

Nimekwenda tena, nimetoroka tena. Lakini leo nilimtazama vizuri wakati wa nyimbo, maana nyimbo ni ndefu na zinarudia. Nilikuwa nimemfanya hakimu kichwani mwangu. Ni mzee mwenye gundi kucha zote, na kola ya shati imepinduliwa ikashonwa upya. Nilijiuliza anaongea na nani sasa. Wateja humwonyesha soli na kuondoka. Baba alipita kibandani kwake kila siku akitoka kazini, wakakaa mpaka giza likawazuia kuonana mikono. Kwa miezi miwili na nusu hakuna mtu aliyemwambia kitu chochote isipokuwa mimi, na mimi namwambia maneno ya mchungaji.

Ijumaa, 4 Aprili

Shangazi ameleta viatu. Amechoka kunisubiri. Amevipanga mlangoni, soli mpya, visigino vimenyooshwa pale baba alipokuwa akivilemea upande wa nje, vimepakwa rangi mpaka vinang'aa. Viatu vya mtu anayetarajiwa kuvivaa. Shangazi alipoondoka nilikaa sakafuni karibu navyo. Sasa nitaandika lile ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu ukurasa wa kwanza, pengine litaniacha nilale.

Ilikuwa mchana, saa ya kutembelea wagonjwa. Chumba cha vitanda vinne, dirisha moja, pazia la kijani. Baba alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, mikono imelala juu ya shuka. Shangazi alikuwa ametoka kutafuta mto. Mchungaji alikuja, na fundi viatu alikuwa tayari amesimama upande wa dirisha. Nilikuwa nimekesha siku nne nikiwa mdomo wake na masikio yake: daktari anauliza, natafsiri, muuguzi anauliza, natafsiri, baba anajibu, natafsiri. Mchungaji akasema tufumbe macho.

Nami nikayafumba.

Sijui nini kilinipata. Nilichoka, nilitaka kwa mara moja tu katika maisha yangu kumwomba Mungu kwa ajili ya baba yangu, mimi mwenyewe, bila kupitisha maneno ya mtu. Nikainamisha kichwa nikaomba. Sijui ni dakika ngapi. Niliposikia amina nikafumbua macho, na mikono ya baba ilikuwa juu ya kifua, si pale ilipokuwa. Mkono wa kulia ulikuwa bado umenyanyuka kidogo, kile kidole kilichopinda kinashuka. Alikuwa amesema kitu. Alikuwa amemaliza kukisema. Nilimgusa, nikamwuliza, nikarudia mbele ya macho yake, lakini macho yalikuwa yameshafungwa. Hakusema tena. Aliondoka kabla saa ya kutembelea haijaisha.

Mtu mmoja tu aliona. Fundi viatu hafumbi macho wakati wa sala. Hakuna kiziwi anayeyafumba palipo na mkalimani. Alikuwa anaitazama mikono ile, na uso wake ulikuwa umelowa.

Nimeyawaza yote. Aliomba maji. Aliniita, akaweka kidole kwenye meno mara moja, mara mbili, tatu, na mimi pale pembeni nimeinama. Aliuliza mchungaji anasema nini. Maisha yake yote aliuliza wanasema nini, na siku pekee nilipomwacha bila jibu ni ile. Kwenye mazishi fundi alinifuata akianza kusema, nikageuza uso. Naogopa atakachonieleza. Na tangu siku hiyo nikifumba macho kuomba nauona ule mkono unashuka, kwa hiyo siombi.

Jumapili, 6 Aprili

Nilikwenda. Mahubiri yalihusu faraja. Mikono yangu iliyasema yote, mimi sikuyasikia.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua siku nzima. Nimejaribu kuomba mezani. Nimefumba, nimefumbua, nimefumba, nimefumbua. Mwisho nikamwambia Mungu macho wazi, kwa mikono, kwamba alinivizia. Ningeomba siku nyingine yoyote kati ya siku zote hizo, na akachagua ile. Nimesema na mengine ambayo sitayaandika kwenye daftari la kampuni ya mbegu. Kisha nikaona aibu, ingawa chumbani hakukuwa na mtu. Ushauri wa chini: Palilia mapema, magugu hayasubiri.

Jumapili, 13 Aprili

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Mvua ilianza wakati wa wimbo wa pili. Kanisa letu halina dari, ni bati tupu, na mvua ya leo ilikuwa ile nene inayoshuka moja kwa moja. Umeme ukakatika, kipaza sauti kikafa. Mchungaji akapandisha sauti, akapandisha tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Benchi la pili halisikii. Mimi niliyesimama hatua mbili kutoka kwake nilipata neno nikakosa matatu. Baba angefurahi sana. Kila mvua ilipolikamata kanisa namna hii alikuwa akigeuka nyuma, akawatazama watu waliokodoa macho bila kuelewa chochote, akaniambia: leo wamehamia kwetu, wakaribishe.

Mwishowe mchungaji akasalimu amri. Akafunga Biblia, akainamisha kichwa, akafumba macho, na watu wote wakaelewa wakafanya vivyo hivyo. Kanisa zima limefumba. Tuliobaki macho wazi tulikuwa wawili, mimi juu ya kistuli na fundi viatu kwenye benchi lake. Hakukuwa na neno la kutafsiri. Hakukuwa na mlango wa pembeni, maana nje ilikuwa mafuriko. Alinitazama, na safari hii sikugeuka.

Nilimwita baba mdogo, kama nilivyomwita tangu utotoni. Nikamwomba radhi kwa kumkwepa, akapangusa hewa kuonyesha yamekwisha. Kisha nikauliza.

"Siku ile hospitali. Baba alisema nini?"

Akasema ananitafuta tangu Januari anieleze, alidhani nimemkasirikia yeye. Akasema nilipoinamisha kichwa, baba alifumbua macho, akaniona, akanyanyua mikono, na yeye fundi alinyoosha mkono anishtue begani ili nitazame. Baba akamzuia.

Yaliyofuata hakuyasema kwa mikono yake. Aliishusha kifuani, akakunja kidole cha shahada cha kulia, akasema kwa lafudhi ya baba, taratibu, na kile kikombo mwishoni mwa kila neno.

"Mwache. Tangu mtoto anasimama macho wazi kwa ajili yangu. Leo anaomba mwenyewe. Usimguse."

Nikamwuliza, hakuomba maji? Hakuomba. Hakuniita jina? Fundi akatikisa kichwa.

"Hakukuita. Alikutazama. Alikutazama unavyoomba mpaka macho yakachoka."

Nililia pale juu ya kistuli mbele ya kanisa zima, na hakuna aliyejua, kwa mvua ile na macho yale yote yaliyofumbwa. Nililia kwa uchungu na kwa nafuu, sikuweza kuvitenganisha. Fundi viatu alisubiri. Kisha akaniambia nifumbe sasa, yeye ataangalia, wakimaliza atakanyaga sakafu.

Nikafumba. Mkono ule ulikuja kama unavyokuja siku zote, ukashuka, na kwa mara ya kwanza niliuacha ushuke. Sikuomba maneno mengi. Nilisema asante. Nilisema nimemkumbuka baba mno. Nilisema bado nina hasira kidogo lakini nimekuja. Kulikuwa na kelele kubwa juu na utulivu mkubwa chini yake, na nilimhisi Mungu karibu, karibu kabisa, bila mkalimani. Sijui kiganja changu kilifunguka saa ngapi.

Kishindo kikanijia nyayoni, mara mbili. Nilipofumbua macho, mikono ya fundi viatu ilikuwa mapajani, imetulia, inaningoja.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepita njia ya mbele. Nimechelewa kazini kwa sababu ya porojo za kibandani. Nimegombezwa.

Jumamosi, 3 Mei

Shangazi ameomba nimfundishe. Amejifunza ishara tatu, moja akaikosea, akamwambia fundi viatu jambo ambalo mjane mwenye heshima zake hamwambii mwanamume hadharani. Fundi alicheka mpaka akadondosha nyundo. Nilimfasiria shangazi kwa adabu, nikapunguza makali. Tabia za utotoni haziishi.

Jumapili, 11 Mei

Mvua zimekata. Jua kanisani, kipaza sauti kinafanya kazi, mahubiri marefu. Sikufupisha.

Jioni bado ni ndefu, na nyumba bado kimya. Sidhani hilo litabadilika upesi. Viatu viko pale pale mlangoni. Nimerudi, nimekanyaga mbao mara mbili kama kawaida, nimeingia. Sikusimama mlangoni leo.

Nimekaa mezani kuomba. Katikati ya sala nimefumbua macho, kwa mazoea, kutazama kama kuna mtu anasema. Hakukuwa na mtu. Nikayafumba tena, nikaendelea.